Tuliowaita Kutoka Stena

Mchungaji wangu aliniambia niyatoe haya moyoni, na kwa mdomo siwezi. Kwa hiyo nayaandika. Mimi ni mama wa kanisa. Kila Alhamisi navaa blauzi nyekundu na kofia nyeupe, mwaka wa thelathini sasa. Sitaongeza chumvi.

Ilikuwa Alhamisi, majira ya baridi. Nilikuwa jikoni napiga pasi blauzi. Binti yangu Zibuyile alikaa karibu na jiko la makaa, mikono juu ya tumbo. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Mbili za kwanza zilitoka katika mwezi huohuo wa saba, na siku zile nyumbani kwetu hakuna aliyepaza sauti, kana kwamba mtoto angeshtuka akaondoka.

Kaka yangu Bhekizenzo aliingia bila kuvua kofia. Alikuwa mwalimu wa historia. Alipostaafu, baraza la mji lilimpa kazi ya kukusanya kumbukumbu za mtaa wetu wa Mzimvelo: picha za zamani, majina ya njia, maneno ya wazee.

"Jumatatu wanachimba Stena," alisema. "Wanajenga jumba la kumbukumbu."

Stena ndiko tulikozaliwa, ubavuni mwa Johannesburg, pale wazee wetu walipofyatua matofali ya kujengea jiji. Mwaka 1961 serikali ya weupe ilituhamisha. Malori yalikuja asubuhi moja, yakatubwaga huku Mzimvelo, kwenye nyumba za vyumba vinne zisizo na sakafu. Nilikuwa na miaka sita. Mama alipakia sufuria, godoro na cherehani. Hakupata nafasi ya kumuaga mtoto wake.

Mtoto huyo alizaliwa amekufa, kabla yangu. Kwa desturi ya wanawake wa kwetu, mtoto wa namna hiyo hapelekwi makaburini. Alizikwa ndani ya chungu, kando ya ukuta wa jiko, palepale kiwanjani. Ukihama unamwambia, tunahama, twende. Mama hakumwambia. Aliishi Mzimvelo miaka arobaini, na kila mimba ilipotoka katika ukoo wetu alisema neno moja tu.

"Tulimwacha."

"Mashine zikimfukua, Zibuyile hatazaa," kaka alisema. Alikuwa mtu wa vitabu, na sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Nilijua kanisa linasemaje. Nilimtazama binti yangu. Nikasema twende.

Jumamosi asubuhi tulitoka na tawi la mti wa miiba tunaouita umlahlankosi. Jirani yetu, Mama Ntshingila, alikuwa kwenye uzio wake, ameshika ufagio.

"MaKhoza," aliniita, "Alhamisi mnamwimbia Yesu, Jumamosi mnasafiri na tawi. Huko mbinguni mtaingilia geti lipi?"

"Lile ambalo wewe hutakuwa umesimama mbele yake," nilimjibu.

Alicheka. Nami nilicheka. Nakumbuka kwa sababu sijacheka tena namna ile.

Utaratibu wenyewe ni huu. Anayemleta marehemu hubeba tawi. Huongea na marehemu tu, si na mtu mwingine, mpaka afike nyumbani. Akifika mtoni humwambia, akifika njia panda humwambia. Na pale anapomchukua, humwita kwa jina.

Stena palikuwa na nyasi na mifuko ya plastiki tu. Tulikitambua kiwanja chetu kwa sakafu ya jiko. Mama aliisugua kwa rangi nyekundu kila Jumamosi, na wekundu ule ulikuwa bado upo chini ya udongo. Kaka alipiga magoti pembeni, akaliweka tawi. Kisha akanigeukia.

"Aliitwa nani?" alinong'ona.

"Hakupewa jina."

Alifikiri kidogo. Akarudi kwenye ukuta uliobomoka.

"Mtoto wa kiwanja hiki," alisema, "twende nyumbani."

Hapakuwa na upepo. Nyasi zililala. Zililala kutoka pande zote, kuelekea tulipokuwa.

Alipoliinua tawi, mishipa ya shingo yake ilisimama. Alilibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye gari.

Alilaza tawi kiti cha mbele, akalifunga mkanda. Mimi nilikaa nyuma. "Tunavuka mto, mwanetu," alisema darajani. Baridi ilinishika magotini. Vioo vya nyuma vilianza kushika ukungu, na ukungu ule ulianzia chini. Viduara vidogo, kama mtoto anapoweka mdomo kwenye kioo akapumua. Kushoto vinne. Kulia vitano.

Nilivifuta kwa kiganja. Vilirudi.

Kwenye kizuizi cha polisi askari kijana aliinama dirishani. Kaka alitazama mbele, hakujibu salamu. Askari akaniangalia mimi.

"Mama, mzee amekasirika nini?"

"Yuko kwenye maombolezo, mwanangu. Tuwie radhi."

"Poleni. Lakini gari dogo hivi, watoto wote hawa, na hakuna aliyefunga mkanda?"

Nikadhani anataka hela ya soda. Ndivyo wanavyoanza.

"Hatuna watoto," nilisema.

Alitabasamu, akainua mkono kunionyesha kiti nilichokalia. Tabasamu likamtoka. Alirudi nyuma hatua mbili, akatupungia tupite.

Nyumbani alitusubiri Shangazi Ntombana, dada wa baba, mwenye miaka tisini. Alikuwa amefukiza impepho, majani makavu ya kuwaitia wazee waliotangulia, na kuweka kibuyu cha pombe ya mtama pembeni mwa chumba, mahali pa wazee wetu. Kaka aliliweka tawi hapo. Sasa aliruhusiwa kusema.

"Tumemleta," alisema.

"Umemwitaje?"

Akamwambia.

 Moshi wa impepho ulikuwa ukipanda, ukakatika katikati, kama kitu kimepita.

"Mwana wa kaka yangu," Shangazi alisema taratibu, "kiwanja kile kilikuwa na vyumba tisa vya wapangaji. Wanawake wote wa vyumba vile walizika watoto wao kwenye ukuta uleule. Hakuna aliyewapa majina. Wewe umeita, na wao wameitika."

"Nitawarudisha."

"Hawatakufuata. Mtoto asiyezaliwa hamjui baba wala mjomba. Anatafuta mwanamke wa kumbeba."

 Zibuyile alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Jumapili kaka alilirudisha tawi Stena. Lilikuwa jepesi kama kijiti cha kuwashia moto. Wao walibaki.

Akina mama wa kanisa walikuja wakaomba. Tuliimba. Katika ubeti wa pili nilisikia sauti nyingine chini ya sauti zetu, nyembamba, zisizo na maneno. Wenzangu walizisikia pia.  Walikunywa chai haraka wakaondoka, na wiki iliyofuata hawakuja.

Mchana, jua likiwa kali, vifuniko vya sufuria vilikuwa vikicheza mekoni bila moto. Nilipofua nguo za Zibuyile nilikuta pindo za magauni yake zimelowa na kukunjamana. Zilikuwa kama zimenyonywa. Zote. Kuzunguka gauni zima.

Nilifunga na kusali. Nilimwomba Mungu anichukue mimi. Nilikuwa mzee, hakuna ambaye angenihitaji.

Siku moja nilimsikia Zibuyile akiongea chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, anatazama chini, karibu na magoti yake.

"Unaongea na nani?"

"Wanasukumana, mama. Nimewapanga mstari."

"Mstari wa nini?"

"Wote wanataka kuzaliwa kwangu. Nimewaambia wa kwangu atangulie." Alijifunika miguu kwa blanketi. Kisha akalifunua tena upande mmoja, kama anavyofanya mtu akimkaribisha mwingine. "Wamekubali. Halafu mimi nitawapeleka."

"Utawapeleka wapi?"

"Uji unaungua, mama."

Uji ulikuwa unaungua kweli. Nikakimbia jikoni. Sikumuuliza tena. Hilo ndilo nisilojisamehe.

Mwezi wa nane ulipotimia alishikwa na uchungu, Alhamisi alfajiri. Tulimfikisha hospitali. Mtoto alizaliwa saa tatu asubuhi, msichana, akalia kwa nguvu. Nilimpokea mikononi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nilikuwa bado nashukuru waliponisogeza pembeni.

Daktari alisema ni damu, ilikataa kukatika. Muuguzi aliyekuwa naye alinifuata nje kwenye korido, kijana, macho mekundu.

"Mama, alikuwa anaongea mpaka mwisho. Alikuwa anasema, 'Taratibu, mmoja mmoja. Shikaneni mikono.'"

Tulimzika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Tangu siku ile nyumba yangu imetulia, mimi na mjukuu wangu. Vifuniko havichezi. Vioo vya gari ni vikavu.

Baada ya maziko kaka alikuja, hakuketi. Alinipeleka Stena. Jumba lilikuwa limefikia sakafu. Walikuwa wamemwaga zege asubuhi ya Alhamisi ile aliyofariki, na uzio ulikuwa umefungwa. Msimamizi wa ujenzi alidhani ni utundu wa mafundi wake. Wakubwa wa baraza walipoona wakapendezwa, wakaamua sakafu iachwe hivyo na ifunikwe kioo. Walimtaka kaka aandike maelezo ya wageni kusoma. Mpaka leo hajaandika.

Ni nyayo, zimeganda kwenye zege. Za mwanamke asiye na viatu, zinaingia kutoka upande wa barabara, zinaelekea pembe lilipokuwa jiko letu. Pembeni mwake zipo ndogo, ndefu kama kidole changu cha kati. Kadiri anavyokwenda, ndogo zinapungua, jozi moja kwa wakati, na za mwanamke zinazama chini zaidi, kama mtu anayeokota mzigo njiani. Kwenye pembe yenyewe zimezama mpaka kifundo cha mguu. Hapo zinaishia.

Zimebaki nyayo mbili ndogo, za mtoto mmoja. Zenyewe hazikubebwa. Ziko ukingoni, mbali na zile nyingine, na vidole vyake vimeelekea huku Mzimvelo.