Ukuta Uliofukuza Wanunuzi

Kila asubuhi Modesta alifagia uwanja, akachemsha chai, kisha akakaa kibarazani kumsubiri mnunuzi wa nyumba. Mnunuzi hakuja. Miezi minane ilipita hivyo, na mtaa mzima wa Kiseke haukuwa na uwanja safi kama ule.

Kwa fedha za nyumba hiyo, Modesta alitaka kununua fremu ya duka njia panda ya Usagara, auze dagaa kwa jumla. Mwenye fremu alikubali kumsubiri hadi mwisho wa Juni. Baada ya hapo, angemuuzia mwingine.

"Biashara ya nyumba imelala mji mzima," alisema mumewe, Luhende, kama anayesoma taarifa ya habari. "Tuvumilie."

"Imelala, lakini jirani Venant ameuza. Yeye aliiamshaje?"

Modesta akamwita Akelo, binti fundi rangi wa mtaa wao. Akelo alikuwa amepaka nyumba nyingi kabla hazijauzwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tuambie ukweli, usituonee haya."

Akelo hakuingia ndani. Alisimama barabarani akautazama ukuta wa mbele. Ulikuwa na herufi nyekundu, kila moja ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI.

"Baba Nestory, maneno haya ameandika nani?" alimuuliza Luhende.

Luhende alikohoa kidogo. Aliyaandika mwenyewe miaka mitatu iliyopita, tapeli mmoja alipojaribu kuiuza nyumba hiyo kwa siri. Aliyaonea fahari hadi leo.

"Matapeli wakiyasoma wanakimbia," alisema.

"Na wanunuzi pia. Mtu anajiuliza, kuna kesi? Ndugu wanagombana? Anapita zake."

"Dalali huwaeleza."

"Dalali anasema, ukuta umeandika. Wewe ungeamini kipi?"

"Ukuta," Luhende alikiri, kwa mara ya kwanza tangu aoe. Modesta alilifurahia jambo hilo kimya kimya, kama mtu aliye kanisani.

Furaha yake ilikoma walipoingia ndani, chumba cha pili. Magunia ya dagaa yalifika dirishani.

"Mama, hapa pananuka."

"Hapanuki."

"Wewe umeshazoea. Mgeni hajazoea."

Sasa Luhende ndiye aliyetabasamu.

"Soko likiwa gumu, mnunuzi ana nyumba kumi za kuchagua," Akelo aliwaeleza. "Zibeni panapovuja. Toeni mizigo, chumba kionekane. Andaeni hati na risiti za kodi ya ardhi. Mama naye aandike kwamba anakubali kuuza. Na bei, waulizeni waliokwisha kuuza, siyo wanaotangaza."

Wiki nzima walifanya kazi. Luhende aliukwangua ukuta mwenyewe, kwa huzuni ya mtu anayezika shujaa. Akelo akapaka rangi. Magunia yakahamia kwa dada yake Modesta. Venant akawaambia bei aliyouzia, na Luhende akaishusha yake bila kuzimia.

Katikati ya Juni alikuja muuguzi aitwaye Adoyo. Alifungua mabomba. Alikagua dari. Alinusa.

"Hati ipo?"

Modesta alimpa nakala ya kila karatasi kabla hajakaa. Adoyo alikwenda kuzihakiki ofisi ya ardhi, akarudi siku ya nne.

"Kila kitu kiko sawa. Nanunua."

Kwa wakili, Modesta aliulizwa kama amekubali kwa hiari. Alitia sahihi swali likiwa bado njiani.

Kabla Juni haijaisha, Modesta alifungua fremu yake Usagara. Luhende alikuwa akishusha magunia, mpita njia akamsimamisha.

"Mzee, dagaa gunia bei gani?"

Luhende alijifuta jasho, akamwonyesha mke wake kwa mikono miwili.

"Mimi mbeba mizigo tu. Muulize bosi."