Nguva Arobaini wa Kyule

Kitendawili, wewe uliyekaa hapo. Anaishi na samaki, lakini mtoto wake hunyonya. Umeshindwa? Ni nguva, mnyama wa baharini. Sasa sikia Khavere alivyomtumia kulipiza kisasi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, soko la Gikomba. Khavere alikuwa akichagua viatu vya mtumba, gauni lake la manjano limenyooshwa kwa pasi, kijana mmoja akamkanyaga.

"Pole, mrembo. Nikutafutie mguu mwingine?"

"Una vumbi la mbao mpaka kwa nyusi. Nichongee."

Huyo ndiye Kyule, mchongaji wa Shauri Moyo. Walipendana haraka, vile vijana hupendana. Khavere alisomea wanyama chuoni, na alikuwa ameomba kazi ya kuhesabu nguva na pomboo huko pwani. Kwao Kaloleni, mtaa wa pili tu, hawakuwa na sanduku la posta, basi akatumia la karakana ya kina Kyule. Ufunguo alikuwa nao Kyule.

"Hani, hakuna barua?"

"Hakuna, kipusa."

Miezi minne hivyo. Siku moja, akitafuta msasa kwenye droo ya Kyule, Khavere akaikuta barua yake ya kuitwa kazini, imefunguliwa. Siku ya mahojiano ilikuwa imepita zamani. Akaifunika palepale. Hakulia. Akaandika ombi jipya, kwa anwani ya kanisa, akangoja zamu yake.

Ikafika. Duka moja la pwani liliagiza nguva arobaini wa mbao, na Kyule hajawahi kuona bahari. Akampigia Khavere simu kwenye kibanda cha jirani yao.

"Mpenzi, mkia wa nguva unakaaje?"

Khavere alijua unalala bapa.

"Umesimama, hani. Kama wa samaki yeyote."

"Wote?"

"Wote arobaini."

Duka likawarudisha wote, mikia imekosewa. Kyule akaja Kaloleni na gunia begani.

"Ulijua, Khavere."

"Nilijua. Na barua iko kwa droo yako, chini ya msasa. Ungenipa lini?"

Kyule akabeba gunia lake, akaondoka.

Ombi la pili likakubaliwa. Asubuhi ya safari, kwenye kituo cha basi, Kyule akatokea na shati jeupe. Akachukua sanduku la Khavere, akapanda nalo juu ya basi, akalifunga kamba mara tatu. Akashuka.

"Singekupa ile barua," akasema. "Hata siku moja."