Ua Uliokauka Baada ya Krismasi

Kwa miaka minane Dalmas Obuya alikuwa akitunza ua wa saipresi wa nyumba za ghorofa huko Kileleshwa. Kila asubuhi alitoka kwake, mtaa wa Satellite, mapema. Alifika kazini, akatembea kando ya ua mzima, ndipo akashika mkasi wake mkubwa. Mwenyewe alisema kwamba anausalimia. Ua ulikuwa mnene, wa kijani kibichi, umenyooka juu kama meza.

Lakini Februari ya mwaka huo, ua haukuitikia salamu. Matawi yaligeuka rangi ya kahawia, kwanza ndani karibu na shina, kisha nje. Sisimizi walipanda na kushuka kwa misururu.

"Kumbe ni nyinyi," Dalmas aliwaambia.

Alikwenda kwa fundi wa magari, akaomba oili chafu, akaimwaga kwenye mashina. Watunza bustani wengi aliowajua walifanya hivyo. Baada ya wiki mbili sisimizi walikuwa bado wanapanda. Nyasi zilizo chini ya ua ndizo zilizokufa.

Bwana Mwaura, meneja wa nyumba hizo, alikuja kutazama.

"Dalmas, sasa hii fensi umeifanyia nini?"

"Ni sisimizi, boss. Nimewawekea dawa."

"Dawa gani hiyo? Umeua nyasi, sisimizi wamenona." Mwaura alivunja kijiti kikavu. "Wenye nyumba wanataka tung'oe hii miti tujenge ukuta. Nimewaomba wangoje hadi mwisho wa Aprili. Na wewe unajua, ukuta haukatwi kwa mkasi."

Dalmas alijua. Pakijengwa ukuta, kazi yake imekwisha.

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani pamoja na mkewe, Philister, karibu na kwao Satellite. Kanisa hilo pia lilikuwa na ua wa saipresi. Akina mama wa kanisa waliupanda kwa mikono yao. Ibada ilipokwisha, Dalmas alipita nyuma ya jiko la kanisa. Akasimama ghafla. Kona moja ya ua ilikuwa ya kahawia.

"Baba Ivyne, mbona umeganda hivyo?" Philister alimwuliza mumewe.

"Tazama. Ni kama kule kazini."

Mwihaki, mshirika wa kanisa hilo, alikuwa akipita na sufuria. Siku za kazi yeye ni afisa wa kilimo wa wadi. Aliweka sufuria chini, akafungua Biblia yake, akatoa karatasi ya matangazo ya ibada. Aliigeuza upande mweupe, akaiweka chini ya tawi, akaligonga tawi mara tatu.

Vitu vidogo vya rangi ya kahawia na kijivu vilianguka juu ya karatasi.

"Hilo ni vumbi," alisema Dalmas.

"Ngoja kidogo," alisema Mwihaki.

Vumbi likaanza kutembea.

"Hawa ni vidukari wa saipresi," Mwihaki alieleza. "Hukaa kwa makundi kwenye matawi, wakinyonya utomvu wa mti. Rangi yao inafanana na gome, kwa hiyo si rahisi kuwaona. Shika hapa."

Dalmas alishika tawi. Lilinata kama limepakwa asali.

"Hayo ni maji matamu wanayotoa. Sisimizi wanayafuata. Juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Ukiona weusi huo, tawi linalonata, na ukahawia unaotoka ndani kwenda nje, gonga tawi juu ya karatasi nyeupe."

"Kwa hiyo sisimizi si adui?"

"Sisimizi ni wageni waliosikia kuna pilau. Anayepika ni kidukari."

"Na oili?" Dalmas aliuliza kwa sauti ya chini.

"Oili inaharibu udongo na mizizi. Ni kama kumpiga mgonjwa."

Philister alicheka. "Ndiyo maana suruali yake inanuka gereji."

Mwihaki alitazama ile kona tena. "Ua huu ulikuwa mzima kabisa Novemba. Wadudu hawa wameanzia hapa tu, nyuma ya jiko. Ni nani aliyeleta kitu hapa?"

Dalmas aliachilia tawi. Alijua. Kila Desemba alikata matawi mazuri ya ua wa Kileleshwa na kuyaleta Satellite. Moja, kubwa kuliko yote, lilikuwa mti wa Krismasi wa kanisa. Mengine aliwapa majirani. Desemba iliyopita, siku moja baada ya Krismasi, yeye mwenyewe alilitoa lile tawi la kanisa na kuliegemeza kwenye ua. Aliliegemeza pale pale, nyuma ya jiko.

Akisema, waumini watajua ni nani aliyeleta wadudu katika nyumba ya Mungu. Pia Kileleshwa itaandikwa kuwa chanzo. Je, Bwana Mwaura atangoja Aprili kweli?

Philister alimkaribia. Yeye ndiye aliyelipamba tawi lile kwa utepe alionunua madukani River Road. "Mficha maradhi," alisema polepole, wala hakumalizia.

"Ni mimi," Dalmas alisema. Akaeleza yote.

Mwihaki hakumkaripia. "Hukujua. Lakini kama ungenyamaza, ningetibu kona hii na kuacha chanzo. Majirani wangapi walipata matawi?"

"Saba."

"Basi tuandike."

Walikaa kwenye benchi. Mwihaki alimwonyesha namna ya kutoa taarifa. Dalmas alipiga picha tatu kwa simu: ua mzima, tawi lililokauka, na wadudu wenyewe kando ya sarafu ili ukubwa wao ujulikane. Kisha aliandika aina ya mti, mahali ulipo, siku dalili zilipoanza, matawi yalikotoka na yalikokwenda. Mwihaki aliituma taarifa hiyo kwa ofisi yake na kwa ofisi ya misitu.

Jumatatu Dalmas alimweleza Bwana Mwaura kabla ya kuvaa nguo za kazi.

"Kwa hiyo ulipeleka wadudu wangu kanisani," alisema Mwaura.

"Ndiyo, boss."

"Na sasa unaniletea maafisa hapa."

"Alhamisi."

Mwaura alivunja kijiti kingine. "Waje. Lakini Aprili ni Aprili."

Maafisa walikuja, wakathibitisha. Dalmas alikata matawi yaliyoshambuliwa, akayatia kwenye magunia, akayazika katika shimo humo humo kiwanjani. Hakuna tawi lililotoka nje ya lango. Aliosha mkasi kwa sabuni kila alipomaliza. Aliondoa udongo wenye oili na kumwagilia mizizi, maana mti wenye kiu hulemewa upesi. Hakupuliza dawa ovyo. Maafisa walimwonyesha nyigu wadogo sana na wadudu wekundu wenye madoa meusi. Hao huwaangamiza vidukari, na dawa ingewaua wao kwanza.

Jioni alikwenda nyumba zile saba, mlango kwa mlango. Nyumba mbili zilikuwa na saipresi. Mti mmoja tu ndio uliokuwa umeanza kunata; alikata matawi yake na kuyazika, kama alivyofanya kwenye kona ya kanisa.

Mvua ilinyesha. Mwishoni mwa Aprili ua wa Kileleshwa ulikuwa na machipukizi mapya. Sehemu mbili hazikupona, kwa kuwa saipresi iliyokauka kabisa haichipui tena. Dalmas alipanda kayaba, mti wa ua wenye miiba, katika mapengo hayo.

Bwana Mwaura alikuja akiwa amebeba kitu begani. "Wenye nyumba wameacha mambo ya ukuta. Wamenunua mpira mpya wa maji. Chukua, ni wako wa kazi."

Desemba ilipofika, Mwaura alirudi tena. "Dalmas, nikatie tawi moja nimpelekee mama kule Limuru."

"Tawi halisafiri, boss."

"Hata la meneja?"

"Hasa la meneja. Lina gari la kulifikisha mbali."

Mwaura alicheka, akaenda mikono mitupu.

Kule Satellite, kanisa halikukata mti wowote. Philister na Mwihaki walifunga utepe kwenye saipresi iliyo hai, nyuma ya jiko, na waumini wakatoka nje kuimba. Wimbo ulipokwisha, Dalmas alitoa karatasi ya matangazo mfukoni. Aliigeuza, akaiweka chini ya tawi, akagonga mara tatu.

Wote waliinama kutazama. Walingoja. Karatasi ilibaki nyeupe.