Kikombe Kisichoandikwa

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza majigambo yake, Baba alikuwa jikoni akichemsha maziwa. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi, akisimama kwenye mvuke kuanzia asubuhi hadi jioni, na akirudi alikuwa hoi bin taabani. Hata hivyo kikombe cha binti yake hakikukosekana. Yeye mwenyewe alikunywa chai ya rangi.

"Kunywa, Chiriku, upate nguvu," alisema, macho mekundu kwa usingizi.

Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa domo lake, alikunywa mpaka tone la mwisho. Kufikia kipindi cha pili tumbo lilikuwa limejaa gesi, linanguruma na kumkata. Wenzake walicheka. Alijikaza kisabuni, kisha akaomba ruhusa ya kwenda msalani, mara moja, mara tatu. Alikosa vipindi vingi hata mwalimu akasema waziwazi: hali ikiendelea hivi, atarudia darasa.

Zahanati walimpima, hawakuona minyoo wala kidonda. Wakampeleka kwa mtaalamu wa lishe, mama mmoja mcheshi, aliyempa daftari.

"Andika kila kinachopita mdomoni," alimwambia, "na tumbo lilivyokujibu. Hata maji."

Chiriku aliandika wali, maharage, kabichi, ndizi. Maziwa aliyaruka. Alikuwa ameshaanza kuyashuku, kwani siku moja yaliharibika asiyanywe, na siku hiyo tumbo lilitulia. Lakini angemwambiaje mtu aliyejinyima kwa ajili yake? Kila aliposhika kalamu alimwonea Baba huruma.

Baada ya wiki mbili walirudi. Baba aliketi kwenye kiti cha pembeni na mara akasinzia, kichwa kimeegemea ukuta. Mtaalamu alipekua daftari, akakunja uso.

"Nashuku maharage. Tuyaache kwanza. Na kabichi. Labda na hizi ndizi."

Chiriku aliona karibu sahani yao yote ikikatwa kwa kalamu nyekundu. Baba angetoa wapi vyakula vingine? Akapiga moyo konde.

"Daktari, usiyakate maharage. Kuna kitu sikuandika. Maziwa. Nakunywa kila asubuhi."

"Mbona hukuandika?"

"Baba ndiye anayeyachemsha," alinong'ona. "Anaamka amechoka, anayachemsha."

Baba alikuwa amefumbua macho.

"Kumbe nimekuwa nikimuumiza kwa mkono wangu mwenyewe?" aliuliza polepole.

"Hapana, baba Chiriku. Maziwa ni chakula kizuri, ila matumbo ya watu wengi hayawezi kusaga sukari iliyomo. Tuyaache wiki mbili, bila kuondoa kitu kingine, tuone. Dagaa wa kuliwa na mifupa yao na mboga za majani vitamsaidia badala ya maziwa. Halafu tutajaribu mtindi kidogo kidogo." Akamgeukia Chiriku. "Mficha maradhi, kifo humfichua. Wewe umeficha maziwa, tumbo limekufichua."

"Na domo lote hilo!" Baba alisema, akijifuta uso kwa kiganja. Alicheka kidogo, lakini Chiriku alilia.

Wiki ya kwanza maumivu yalipungua. Ya pili, alikaa darasani kutwa nzima. Mwisho wa muhula alifanya mtihani bila kuinuka hata mara moja, akapanda darasa, ingawa kwa chupuchupu.

Jioni alipoleta ripoti ya shule, Baba aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri.

"Mwanangu," alisema, "uchovu wa kazi naumudu, nikilala unaisha. Kilichonimaliza ni kukuona unaumwa na mimi sijui kwa nini. Ukiniona nimechoka, usinihurumie kwa kunificha. Niamshe, uniambie ukweli."