Gunia Lenye Kitambaa cha Kijani

Kila Jumamosi nyumba ya mama Loth, pale Same mjini, hujaa watu utadhani kuna arusi. Wachuuzi wapo, na majirani waliokuja kuazima sufuria wakasahau kuondoka. Mwalimu Muhidin, mpangaji wa chumba cha uani, naye huwapo. Fuso la tangawizi likishafika kutoka Myamba, kule milimani, Irine wa darasa la sita humsaidia mama Loth, ambaye ni mama yake mdogo, kupokea magunia. Kila mkulima hufunga gunia lake kwa kitambaa cha rangi yake. Babu Eliufoo hufunga cha kijani.

Jumamosi moja, Athumani mnunuzi alirudi kutoka sokoni amekunja uso.

"Mama Loth, gunia nililonunua kwako, juu tangawizi, chini mawe. Siku hizi mnauza mlima?"

"Lina kitambaa gani?" mama Loth akauliza.

"Kijani," akajibu Athumani.

Irine akadakia, "Ni la babu Eliufoo."

"Basi tangawizi ya mzee huyo haiingii tena humu ndani," akasema mama Loth.

Irine alipokwenda bombani alikwenda na habari hiyo. Alimsimulia rafiki yake Sumaiya, akatia na chumvi yake. Ndoo haijajaa, mzee wa watu alikuwa ameshakuwa tapeli wa miaka mingi.

Mchana babu Eliufoo akatokea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona bombani wananiita mzee wa mawe?"

Irine aliinamisha kichwa. Mama Loth akamweleza mzee yote. Babu alikaa kwenye benchi, kofia mkononi. "Mwanangu, nikishaitwa tapeli hapa Same, nani atanunua kwangu?"

Mwalimu Muhidin akaweka kikombe chini. "Irine, umejuaje ni la babu?"

"Babu hufunga kijani, mwalimu."

"Hilo sikatai. Nani kakwambia hakuna mwingine anayefunga kijani?"

Wakaingia stoo wote, hata wa kuazima sufuria. Nyuma ya magunia mengine walikuta gunia la pili lenye kitambaa cha kijani.

"Mimi nilileta moja tu," alisema babu. Alilifungua, akashika tangawizi. "Ndiyo hii. Niliiosha mwenyewe."

Mama Loth akampigia simu dereva wa Fuso. Dereva akasema kijani cha pili alikipakia kwa mkulima mwingine, Hedwiga. Hedwiga naye akapigiwa.

"Kitambaa changu cheupe kilipotea, nikachana kanga ya kijani," alisema. Alipoulizwa kuhusu mawe, akakiri. "Niliwaachia vibarua wajaze, sikukagua. Nisameheni. Nitaleta gunia jingine."

Mwalimu akachora vumbini kwa kijiti: majina upande huu, rangi upande ule, na mishale katikati.

"Kila jina lina mshale mmoja tu. Ukinitajia mtu, nakutajia rangi yake. Lakini tazama hapa kwenye kijani, mishale miwili imefika. Ukianzia kwenye rangi, huwezi kumjua mtu."

Irine alimpigia babu magoti, akaomba radhi. Babu akamwinua.

"Bado," alisema mama Loth. "Mimi nimemsusia mzee bila kuuliza, nimekosa, na tangawizi yake naendelea kuipokea. Wewe nenda kwa Sumaiya. Kama na yeye amewaambia wengine, nenda hadi kwao. Kukosea hesabu mtu hufundishwa. Ila jina la mtu ulilolichafua bila hakika, ulisafishe mwenyewe, mlango kwa mlango."