Mtoto wa Tano

Kila asubuhi Loyi alipowaita binti zake, ilikuwa kama anahesabu.

"Masika! Biira! Kabugho! Mbambu! Uji unapoa!"

Ndivyo yalivyo majina ya watu wa kabila la Wakonzo. Masika ni msichana wa kwanza, Biira wa pili, Kabugho wa tatu, Mbambu wa nne. Wavulana nao wana majina yao kwa mpango huohuo. Lakini mvulana akizaliwa baada ya wasichana watupu, au msichana baada ya wavulana watupu, mtoto huyo huitwa Muhindo. Maana yake ni geuko.

Mwaka ule wa 2012 Loyi alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe, Kathembo, muuza samaki wa Bwera, alikuwa amekwisha kuchagua jina.

"Muhindo wangu anacheza mupira humo ndani," alisema huku akifunga makapu yake.

"Na akiwa msichana, Baba Masika?"

"Haiwezekani. Wasichana ine wamepita. Sasa ni zamu ya kijana."

"Na akiwa?"

Kathembo hakumtazama. "Basi nitajenga nyumba ingine kule Kitswamba. Nitatafuta mwanamuke anajua kuzaa wavulana."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua. Akaondoka kwenda Katunguru kuchukua samaki. Loyi alibaki ameshika kijiko cha uji. Tangu siku hiyo, kila mtoto alipogeuka tumboni, yeye alishtuka badala ya kufurahi.

Wiki hiyo soko lilikuwa baya mara mbili mfululizo. Kathembo akasema siku ya tatu lazima iwe nzuri. Akaleta makapu sita badala ya matatu. Walikuja watu wachache. Jioni makapu matatu yalirudi nyumbani, na harufu yake ikatangulia.

Jirani yao, Musimenta, alifika akiwa ameziba pua kwa kitenge. Mumewe, Okello, alikuwa polisi, nao walikaa kambini ng'ambo ya barabara. Musimenta alifundisha biashara katika chuo kimoja mjini Kasese.

"Baba Masika, afande anauliza kama kuna mtu amekufa huku."

"Ni biashara yangu ndiyo imekufa, mwalimu."

"Nani alikwambia siku ya tatu itakuwa nzuri?"

"Mbili mbaya zilipita. Hata bahati mbaya inachoka."

Loyi alikuwa ameinama juu ya jiko. Maneno yalimtoka kabla hajayazuia. "Ndivyo anavyohesabu hata tumbo langu." Akaanza kulia, akasimulia habari ya nyumba ya Kitswamba.

Musimenta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye mkeka.

"Masika, niletee maharagwe. Baba Masika, toa sarafu tano za mia mbili."

"Mwalimu, unanilipisha ada?"

"Ada utalipa ukielewa."

Sarafu ya mia mbili ina samaki upande mmoja na nembo upande wa pili. Musimenta akasema, "Samaki ni msichana, nembo ni mvulana. Sarafu tano ni nyumba yenye watoto watano. Rusha, tuhesabu samaki ni wangapi."

Kathembo akarusha. Samaki watatu. Masika akaweka haragwe moja mahali pa tatu. Akarusha tena. Samaki wawili. Haragwe moja mahali pa mbili. Kwa jumla alirusha mara thelathini na mbili, na wasichana walishangilia kama wako mpirani.

Mwishowe palikuwa na marundo sita kwenye mkeka. Mahali pa sufuri palikuwa na haragwe moja. Pa moja, manne. Pa mbili, kumi na moja. Pa tatu, tisa. Pa nne, matano. Na pa tano, mawili.

"Inafanana na mulima," alisema Biira. "Katikati iko juu."

"Umeona vizuri, mama. Kwa hesabu ya kalamu tungepata moja, matano, kumi, kumi, matano, moja. Maharagwe hayafuati kalamu sawasawa, lakini umbo ni lilelile. Chuoni tunaliita mgawanyo wa uwezekano. Ni orodha ya yote yanayoweza kutokea, na fungu la kila moja. Nyumba nyingi ziko katikati. Lakini pembeni nako kuna watu, na hakuna aliyekosea."

"Lakini mimi tayari niko na ine," alisema Kathembo. "Ya tano haitageuka?"

Musimenta akalaza sarafu nne, samaki juu. "Hawa ni binti zako. Sasa rusha hii moja peke yake, mara ishirini."

Samaki walitokea mara kumi na moja, nembo mara tisa.

"Iliwatazama wenzake?"

"Sarafu haina macho."

"Haina macho, wala haikumbuki. Kila mara ni karibu nusu kwa nusu. Siku ya soko nayo haidaiwi chochote na zile zilizopita. Na mkunga yeyote atakwambia kwamba mbegu ya baba ndiyo huamua mvulana au msichana." Akamgeukia Kathembo. "Jina lako maana yake ni nini?"

"Kathembo ni mvulana wa tano."

"Kabla yako alizaliwa msichana?"

"Hapana. Tulikuwa wavulana tu."

Musimenta akagusa mahali pa sufuri. "Wasichana sufuri. Basi nyumba yenu ni hii hapa. Haragwe moja. Baba yako alisema nini ulipozaliwa? Alitafuta mke anayejua kuzaa wasichana?"

Kathembo aliliokota lile haragwe.

"Hapana," alisema polepole. "Mama anasema alichinja mbuzi."

Wiki tatu baadaye Loyi alijifungua. Muuguzi alipotamka "msichana", alifumba macho. Alisikia viatu vya mpira vya mumewe vikisogea karibu na kitanda. Akasubiri neno Kitswamba.

"Ithungu," alisema Kathembo. Ndilo jina la msichana wa tano. Alikuwa amempakata mtoto. "Mama Masika, tazama. Namba tano. Kama mimi."

"Na Muhindo?"

"Hatumudai mutu. Unisamehe. Asante kwa huyu, na kwa wale ine."

Loyi akafumbua macho. Usiku huo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa, alilala bila hofu.

Siku hizi kila siku ya soko Kathembo huweka haragwe moja katika mojawapo ya makopo aliyopanga ukutani, kila kopo kwa idadi yake ya makapu yaliyonunuliwa. Kopo la makapu matatu ndilo lililojaa kuliko yote, basi huleta matatu. Harufu haijarudi.

Jioni ya siku Ithungu alipoletwa nyumbani, Kathembo alivuka barabara hadi kambini. Alibeba mguu wa mbuzi, umefungwa kwa jani la mgomba.

"Nini tena hii?" aliuliza Musimenta.

"Ada, mwalimu," alisema Kathembo. "Nimeelewa."