Kaseti ya Marehemu

Betri ilikuwa mezani, kaseti ilikuwa ndani ya mashine, na bado kaseti ilikuwa inakumbuka. Fundi aliitazama betri, akaitazama runinga, kisha akafyonya. Betri alikuwa ameing'oa kwa mkono wake mwenyewe dakika kumi zilizopita.

Kwa asiyejua, kaseti hizi za zamani za gemu za runinga, za michezo ya mapanga, mazimwi na wachawi wenye ndevu, huwa na betri ndogo ya duara kama ya saa ya mkononi. Mchezaji akichoka anahifadhi safari yake, na betri ndiyo inayoitunza. Betri ikitoka, safari imefutika. Ndiyo maana fundi mwenye adabu huipa kaseti umeme wa pembeni kwanza, ndipo ang'oe betri kuukuu na kulehemu mpya. Huyu alikuwa anaujua utaratibu huo tangu ujana wake. Hakuufuata kwa sababu wateja wake aliwadharau, na mtu unayemdharau humtunzii vitu vyake.

Tena aliwadharau kwelikweli. Wanaume wazima wenye vitambi na vipara walikuwa wanamletea vimashine vya utotoni mwao, sauti zinawatetemeka, eti shujaa wao amepotea. Fundi hakuwahi kumaliza hata mchezo mmoja kati ya hiyo, na alijivunia jambo hilo. Kila aliyeingia dukani alipewa jibu lile lile, bila kuinuliwa uso: "Weka hapo. Njoo kesho." Miaka kumi na miwili alikuwa anasema hivyo, mpaka mtaa mzima ukamwita Weka Hapo. Alidhani ni jina la heshima.

Kaseti hii ililetwa na mjane wa karani mmoja. Alikuwa ameifunga ndani ya kitambaa cheupe.

"Fundi, samahani," alisema, "kuna jambo kuhusu hii kaseti lazima ulijue kabla hujaifung..."

"Weka hapo. Njoo kesho."

"Ni muhimu. Marehemu aliniambia..."

"Dada, hujasikia? Weka hapo. Njoo kesho."

Mjane aliiweka, akatoka. Fundi aliiwasha mara moja kujaribu. Kulikuwa na safari moja tu iliyohifadhiwa: askari mdogo mwenye ngao, amesimama mbele ya mlango mweusi, na pembeni yake hesabu ya saa alizochezwa, elfu tatu na zaidi. Fundi alicheka peke yake. Karani mzima! Akazima, akafungua kaseti, akang'oa betri kama anayeng'oa kupe.

Sasa alipowasha tena, safari bado ilikuwepo. Ila askari hakuwepo. Palikuwa na mlango peke yake, na mlango ulikuwa wazi.

Aliifuta. Akazima, akawasha, ikarudi. Aliifuta tena, ikarudi tena, na ile hesabu ya saa ilikuwa inapanda. "Takataka za kizamani," alisema, akaichomoa na kuitupa kwenye droo. Dukani kulikuwa na harufu ya udi na ya shaba iliyopashwa moto. Hakuna aliyekuwa amewasha udi. Alifungua dirisha, akaendelea na kazi nyingine.

Siku tatu zikapita. Kila siku mjane alikuja, na kila siku alijibiwa kama wenzake.

Fundi aliishi na mama yake nyuma ya duka, vyumba viwili na jiko, mlango mmoja katikati. Mama alikuwa mshonaji aliyestaafu, mwenye macho mabovu na ulimi mzima. Alikuwa na neno kwa kila kitu: shati la mwanawe, ndevu za mwanawe, ukimya wa mwanawe. Kila mchana aliita, "Chakula kiko mezani!" na fundi alikuwa akiitikia kwa mguno, au asiitikie kabisa. Kwa siku hizo tatu alisikia wito ule kama kawaida, na kwa kuwa alikuwa na kazi nyingi, alijinunulia mkate dukani kwa jirani na kula juu ya meza yake ya kazi.

Siku ya nne akaenda.

"Chakula kiko mezani," mama alisema, amempa mgongo.

Mezani hakukuwa na kitu. Kulikuwa na sahani moja ya siku tatu zilizopita, wali umekauka na kupasuka.

"Kiko wapi, mama?"

"Chakula kiko mezani."

"Mama, meza tupu hii. Unaumwa?"

"Chakula kiko mezani."

Sauti ilikuwa ile ile, haikupanda wala kushuka, kama sauti ya wale wanavijiji wa kwenye gemu ambao ukiwasemesha mara mia watakujibu neno lao moja mara mia. Alipomshika bega, mama aligeuka mara moja, kama pembe ya mraba, bila kupinda kiuno, akatembea moja kwa moja hadi ukutani, na alipofika ukutani hakusimama, miguu iliendelea kupiga hatua pale pale, kushoto kulia, kushoto kulia, paji la uso likigusa rangi ya ukuta, huku kutoka katika midomo iliyofungwa ukitoka wimbo mwembamba wa noti nne, wimbo ambao fundi aliusikia mara moja tu maishani mwake, siku ile alipoiwasha kaseti ya karani, akiwa amefunga mlango na sauti ya runinga ameipunguza mpaka ikawa mnong'ono. Akatazama chini. Visigino vya mama yake vilikuwa vinavuja damu.

Alikimbilia dukani. Runinga ilikuwa inawaka, kaseti imo ndani ya mashine, naye hakuwa ameitoa kwenye droo. Alivuta waya wa umeme ukutani, akabaki ameushika mkononi, na runinga ikaendelea kuwaka, mlango mweusi ukiwa wazi, saa zikipanda, na ile harufu ya udi ikamjaa kooni mpaka machozi yakamtoka.

"Uling'oa betri," sauti ilisema.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni. Safari hii fundi aliinua uso.

"Uliipa umeme kwanza?" mjane aliuliza.

"Sikuona haja."

"Hukuona haja!" Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Nilikuja mara nne kukwambia. Mara nne! Kuna kitu ndani ya chumba cha mwisho. Mume wangu alinunua hii kaseti mnadani, akakikuta. Akamweka askari wake mlangoni, na kila alasiri, akitoka ofisini, alikaa naye saa moja, akahifadhi, akazima. Alisema mlango ule haufungwi kwa kufuli. Unafungwa na mtu."

"Na wewe uliamini?"

"Mimi? Miaka tisa nilimcheka. Mwanamume mzima na mchezo wa watoto." Sauti yake ilishuka. "Alipokufa nikasikia kinagonga. Ndipo nikaamini."

Kutoka nyuma, sauti ikaja: "Chakula kiko mezani."

Mjane akaenda, akachungulia, akarudi amefunika mdomo. "Hali chakula, hakai, halali?"

"Sijui," fundi alisema. Alikuwa hajui kweli, na aibu ikamchoma. "Dada, nisaidie. Ni mama yangu. Sina mwingine."

"Basi kaa chini ucheze. Anza safari mpya, fika mlangoni, simama. Fanya haraka, yule mama hana siku mbili."

Hivyo Weka Hapo, bingwa wa kuwabeza wachezaji, alifunga duka na kushika pedi ya kuchezea kwa mara ya kwanza ili kucheza. Aliuawa na chura. Si zimwi wala mchawi, ni chura wa uwanja wa kwanza kabisa, yule anayewekwa pale kwa ajili ya watoto wasiojua kusoma. Alianza upya, chura akamuua tena.

"Mpige ubavuni," mjane alisema, amekunja pua. "Ubavuni, fundi! Huoni kwamba mbele ana ulimi?"

"Umejuaje?"

"Miaka tisa nilijifanya sitazami."

Alimwongoza pori kwa pori, pango kwa pango. Kunywa dawa kwanza. Usimwamini yule mwenye kofia. Rudi, umesahau ngao. Siku ikaisha, nyingine ikaingia, na kule nyuma miguu ya mama haikunyamaza hata dakika moja. Walijaribu kumkalisha wakashindwa, mwili wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kufikia adhuhuri hatua zilikuwa zinaburuzika, na zile noti nne zilikuwa zinakatika katikati.

Alasiri akafika mlangoni. Kaseti ile ilikuwa ya lugha ya kigeni mwanzo hadi mwisho, lakini maandishi yaliyojitokeza chini ya runinga, herufi moja baada ya nyingine, yalikuwa ya lugha aliyonyonyeshwa nayo:

YULE WA KWANZA ALIKUWA ANAITWA NA MKEWE. WEWE NANI ATAJUA HAUPO?

"Linanisemesha, dada."

"Usilijibu. Sikiliza vizuri. Ukisimama pale, utahisi umeingia humo. Hilo ni la kawaida. Mimi nitakuita, nawe utaniitikia kwa neno lako mwenyewe, neno lolote. Mume wangu nilikuwa namwambia chai inapoa, naye anarudi na tusi jipya au utani mpya. Kila siku lake. Ukiitikia kwa moyo wako umerudi, na mlango unabaki umefungwa; ukishindwa, utabaki humo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Akapiga hatua ya mwisho, askari akageuka, ngao mbele, na mlango mweusi ukajifunga kwa kishindo ambacho hakikutoka kwenye runinga. Wakati huo huo kule nyuma kiti kilianguka, na sauti ya mama ikapaa, kavu, yenye hasira, nzuri kuliko sauti zote: "Uwii, miguu yangu! Nani kanisimamisha hivi? Na huu wali wa lini, jamani, nyumba hii ina nguruwe au mtu?"

Fundi alilia. Alitaka kucheka pia. Mbele yake sasa palikuwa na giza na mbao nyeusi, karibu kiasi cha kuzigusa, na duka lilikuwa limebaki mbali, nyuma ya kisogo chake. Hakuogopa. Alikuwa na maneno tele: nisamehe mama, asante dada, nimekuwa mjinga, leo nitapika mimi. Yote yalikuwa tayari ulimini.

"Fundi!" mjane aliita.

Kinywa kikafunguka. Miaka kumi na miwili kilikuwa kimezoea kuitwa hivyo hivyo, fundi, na kilijua njia yake bila kumwuliza mwenyewe.

"Weka hapo," kilisema. "Njoo kesho."

Nyuma ya mbao, kitu kikacheka taratibu.

Kesho yake duka lilifunguliwa kama kawaida. Wanaume wenye vitambi waliingia na vimashine vyao, wakaambiwa waweke hapo, waje kesho, wakatoka wakitikisa vichwa. Weka Hapo yule yule, walisema, hana hata salamu. Hakuna aliyeona tofauti, kwa kuwa tofauti ya kuona haikuwepo. Kwa mbali, mgongoni mwake, fundi aliwasikia wote.

Mchana mama alikuja akichechemea, visigino vimefungwa bandeji. Mjane alikuwa amemshika mkono.

"Mwanangu," alisema.

"Weka hapo. Njoo kesho."

"Nitukane basi. Niambie nimezeeka. Nigunie tu, kama zamani."

Fundi aliusukuma mguno ule kwa nguvu zake zote, kutoka tumboni, kutoka miguuni, mbele ya mlango mweusi, machozi yakimtiririka ndani ya kofia ya chuma ya askari.

"Weka hapo," alisema. "Njoo kesho."

Mama akavuta kiti, akakaa karibu yake, akaanza kumwita tena.